Boriti, Mila

Wapangaji wangu wa juu, Tirza na Gavrieli,
walinishukia siku ya sita kuazima kiti.
Kile cha mpingo, chenye mgongo wa kamba.
Nikauliza, shughuli yaitwaje?
"Brit mila," akasema mume. "Agano la tohara."
Sikio langu la Mkomani likasikia boriti.
Boriti, na mila.
Nikacheka peke yangu ngazini.

Mtoto hakuwa na jina.
Siku zote hizo namwita Bwana Mgeni,
na mamake hafichui kitu,
kama aliyetia ufunguo kifuani.
"Jina na kisu huja pamoja. Siku ya nane, si kabla."
Kwetu, siku ya saba mbuzi kashaliwa
na jirani kashalikosea jina.

Daktari Menahemu alishuka Manda kwa ndege ya asubuhi,
akapanda ngazi zangu akihema, ndevu zimelowa.
Kiti wakakitenga, wakakitandika kitambaa cheupe.
"Nani atakikalia?"
"Nabii Eliya."
Aa, Iliyasi. Huyo namjua.
Tangu afe Shee Mahadhi hakijakaliwa;
nikawaza, afadhali nabii kuliko mashemeji.

Babu akampakata mtoto.
Tirza akatoka mle, akanikimbilia chini,
mikono baridi, maziwa yamelowesha gauni.
"Wa kwako, ulifanyaje?"
Sikuwa na hekima ya kumpa.
Wangu alikuwa wa miaka sita,
ngariba kaja na wembe na hadithi za uongo,
nami nikalala chali nikahesabu boriti.
"Lala," nikamwambia.

Tukalala mkekani, twahesabu kwa sauti:
moja ina ufa, mbili, tatu,
ya saba imeliwa na mchwa,
kumi na moja —

juu yetu ukapigwa ukelele.

Akanibana kidole hadi pete ikaniuma.
Ukelele ukakatika ghafla: tone la divai, alisema,
humtia mdomoni.
Kisha sauti ya mzee ikapenya sakafu
kwa lugha nisiyoijua,
na ndani yake neno moja nikalidaka:
Asheri.

"Ni babake Gavrieli," akanong'ona. "Tulimzika mwaka jana."
"Basi mtoto ana somo."
Akalifikiri hilo, kajifuta macho kwa leso yangu,
akauliza zimebaki ngapi.

Sita, nikamwambia,
ila ya mwisho si mkoko, ni chuma.
Fundi aliniibia.