Penseli Yenye Uzi

Umeniuliza, Aleksi, tulianzaje kupanga.
Vua buti kwanza, theluji isiyeyukie zuliani.

Tulianzia mgahawa wa kituo cha mabasi, hapa hapa Oulu,
mwezi wa pili, nje nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
mimi na Joonatan na karatasi ya kufutia midomo.
Tuliandika juu yake: nusu yako, nusu yangu.
Kuku hajataga, tumekwisha gawana vifaranga,
na hakuna aliyeuliza
nani ataamka usiku banda likivuja.

Kisha mpango. Kurasa sitini na mbili.
Niliupenda kama mtu apendavyo picha zake za harusi.
Mwaka wa kwanza majengo mia, wa tatu elfu,
mstari wa grafu ukipanda ngazi mbili mbili
na ngazi zenyewe hazijajengwa.

Unajua vyumba vya kufulia vya majengo yetu, chini kabisa,
na mlangoni karatasi ya zamu:
jina, siku, saa,
penseli imefungwa kwa uzi.
Tukasema, penseli hii ndiyo adui.
Zamu zote tutazitia ndani ya simu.

Miezi minane.
Yuro elfu sita za nembo: povu la sabuni linalotabasamu.
Viti vinne vya kuzunguka, nasi tuko wawili.
Joonatan aliandika programu mpaka macho
yakawa kama ya samaki wa juzi.
Mimi niliandika barua za kuwabembeleza wenye mitaji.
Na chumba cha kufulia, niamini,
hatukuwahi kukaa ndani yake hata saa moja.
Nguo zangu nilifua kwa mama.

Siku ya majaribio tulibandika tangazo,
tukaiondoa karatasi, tukaukata uzi.
Jioni ya tatu karatasi imerudi.
Tukaitoa.
Ikarudi, safari hii na penseli mbili.

Nikashuka na hasira zangu, nikamkuta Marketta Räihä,
muuguzi wa zamu ya usiku, anakunja mashuka.
"Ninyi ndio wa simu?" Hakuinua uso.
Akaweka kidole kwenye safu ya Jumanne.
"Hapa huandika Kauppila wa ghorofa ya nne.
Kila wiki, saa mbili asubuhi.
Mwezi wa kumi na moja hakuandika. Nikapanda, nikagonga.
Alikuwa sakafuni tangu jana yake, nyonga imevunjika.
Simu yenu ingejua?"

Nilikuwa na kurasa sitini na mbili.
Jibu sikuwa nalo.

Kuuliza si ujinga, na sisi tuliuliza sana:
tulimwuliza kila mwenye pesa.
Mwenye nguo chafu hatukumwuliza.

Mwezi wa nne, barafu ya mto ikipasuka,
Joonatan alichoka. Si kwa ubaya, alichoka tu,
akaondoka na nusu yake.
Ile karatasi ya mgahawa haikuwa na nafasi ya neno kuchoka.
Mwanasheria alikula kuliko nembo.

Nikachukua kigoda nikaenda kukaa chini,
usiku kumi na mmoja, bila kuuza kitu.
Nikajua mashine ya kukaushia hufa Jumapili jioni,
kila mtu akiitaka.
Nikajua soksi moja ikipotea watu hawasemi, ila hununa.
Nikajua mlinda jengo huitwa maji yakishafika korido.
Basi ninachotengeneza sasa ni kidude cha ukubwa wa kiberiti:
kinaisikiliza mashine, kinamwamsha mlinda jengo kabla haijafa.
Mpango wake ulienea nyuma ya bahasha,
na nusu ya bahasha nilifuta.

Majengo kumi na tisa. Si elfu.
Penseli bado inaning'inia kila mlango.

Nimeona umekuja na kompyuta, na jedwali la miaka mitano.
Iache hapo kwenye kiti, viko vinne.
Sabuni iko rafuni.
Umevaa hilo shati siku ngapi?
Twende chini.