Nazi Mbili

Bei ya chumba kimoja kwa usiku mmoja
ingemlipia babangu kodi ya ardhi miaka minane.
Aliuza nyumba baada ya kushindwa mwaka wa saba.
Sisemi kwa uchungu, nasema kwa hesabu,
maana kisa chenyewe ni cha hesabu.

Mimi ni mhudumu. Koti jeupe, vifungo vya shaba,
jina kifuani: Twalib.
Naingia kwa mlango wa nyuma, pamoja na barafu,
katika nyumba niliyotahiriwa.

Wamefanya kazi nzuri, haki ya Mungu.
Mkomani nzima ilikuja kutazama.
Fundi Bwanaheri na vijana wake wanne
walibandua chokaa tabaka kwa tabaka kama kitunguu:
wakakuta buluu, chini ya buluu manjano,
chini ya manjano mwaka asioujua yeyote aliye hai.
Boriti zilizoliwa na mchwa zimepata wenzao.
Birikani wamerudisha vile visamaki vya kula viluwiluwi.
Na zidaka, arobaini na mbili,
tulimoweka betri za redio, dawa ya kikohozi,
meno ya bandia ya nyanya,
sasa kila kimoja kina kibakuli cha kauri
kisichotiwa kitu.

Lakini nyumba kati.
Chumba kile kisicho dirisha. Humo mama alinizaa.
Humo Bibi Somoe alioshwa, maji yakashukia tundu lile pale
lililozibwa kwa marumaru.
Wameweka meza moja, viti viwili.
Hugombaniwa; hukodiwa miezi mitatu kabla.
Mimi huingia na supu kwa mguu wa kulia
na salamu ya chini kwa chini.
Bi Nthenya, meneja, aliniona midomo ikicheza
akadhani nahesabu vijiko.

Ukutani, nyuma ya kioo, chini ya taa ndogo,
mistari minne ya makaa, kwa herufi za Kiarabu.
Bwanaheri aliifikia na patasi akasita.
Msanifu majengo alitokwa na machozi, akaagiza kioo.
Na orodha ya vyakula, ukurasa wa kwanza, husema:
shairi la kale la mapenzi, mtunzi hajulikani.

Mtunzi namjua.
Alikuwa na kovu la mafuta mkono wa kushoto,
akichoma mikate ya mofa alfajiri,
akitukana paka kwa majina ya mashemeji zake.

Jana walikaa mume na mke, wazee, kutoka Eldoret.
"Hebu tusomee, kijana."
Ninayo maneno yangu ya siku zote, mahabubu na asali,
hunipatia bakshishi.
Jana sijui nilipatwa na nini. Nikasoma:

Kiza mke wa Madi, mafuta ya taa nusu chupa. Amelipa.
Mwana Hidaya, mbuzi ya kukunia. Haijarudi.
Kiza, sukari kibaba. Amelipa.
Kiza, nazi mbili.

Mzee akaweka kijiko chini.
Mkewe alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha meza,
kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuwa na duka:
"Na hizo nazi, alilipa?"

Nikaenda jikoni.
Mpishi mkuu ni Mzamil, amesomea Mombasa, amepikia Dubai,
ana kofia ndefu kama mnara,
na ni mjukuu wa Kiza huyohuyo.
Alikuwa akimimina tui zito juu ya kamba.
"Nyanya alilipa," akasema bila kugeuka.
"Ijumaa, wiki ya Maulidi. Nyanya yako ndiye hakuandika.
Kwetu tumekua tukilisikia hilo."
"Kwetu tumesikia hakulipa."
"Basi nenda kafute, tupumzike sote."

Usiku, wageni wamelala,
nikaenda nyumba kati na kitambaa kibichi.
Mguu wa kulia. Salamu.
Kioo kimekazwa kwa skrubu nane, na kibandiko: usiguse.
Nikakifuta kioo.
Kikang'aa.
Zile nazi mbili zikasomeka vizuri zaidi.