Nesh

Limeshonwa kwa uzi mweupe kifuani pa koti,
herufi nne, zote ndogo,
dirishani mwa duka jipya pale Hanley
palipokuwa benki, kabla benki haijatuhama.
Nikasimama. Basi langu likapita.

Neno hili nalijua. Nimelala nalo kitanda kimoja.
Baba alilitema kama kokwa
kila nilipovuta blanketi hadi puani:
“Enid, usiwe nesh.”
Yaani ngozi ya maziwa, yaani mwana wa kudekezwa,
yaani baridi imebisha hodi nawe ukaifungulia.

Baba, Wilf Colclough, mtoa vyungu tanurini.
Aliingia humo matofali bado yana hasira,
kitambaa kibichi kichwani, kingine mikononi,
akatoka na sahani za watu wasiomjua,
kisha akarudi nyumbani juu ya theluji
vifungo vya shati wazi, mvuke ukimtoka
kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.
Glavu? Glavu ni za nesh.
Mama alikuwa nesh. Paka alikuwa nesh.
Mchungaji, na ile skafu yake ya sufu, nesh kupindukia.

Mara moja tu alijiita hivyo mwenyewe.
Februari, vumbi la udongo la miaka arobaini kifuani,
mita ya gesi imemeza sarafu ya mwisho.
Nikamfunika koti langu, koti la marehemu mama,
juu yake zulia la mlangoni.
Akanichungulia kutoka chini ya rundo lile,
akacheka, kikohozi kikaichukua ile cheko:
“Haya, ona. Nimekuwa nesh.”
Sikucheka. Ningecheka.

Leo kuna lebo, imening’inizwa kwa uzi wa katani:
neno la kale lililosahaulika, maana yake joto.
Pauni mia mbili na arobaini.
Joto! Wameliokota, wakalipindua kama soksi.

Nikalivaa. Sitasema uongo,
mikono iliingia kama mkate katika oveni.
Nikapapasa mfukoni, sijui nikitafuta nini.
Kipakiti cha kufyonza unyevu. Usile, kimeandikwa.

Binti wa dukani, Zunaira kwa mujibu wa beji,
alikuwa amejikunyata, vidole ndani ya sweta,
mlango ukifunguka, upepo ukiingia, usinunue kitu.
“Unajua maana yake?” nikamuuliza,
nimeshasafisha koo kwa somo refu.
“Nesh? Si ndiye mimi,” akasema.
“Baba huniita hivyo kila nikigusa hita.
Hiyo lebo nimewaandikia. Hawajajibu.”

Nikalivua, nikalirudisha kwenye hanga.
Nje theluji ilikuwa ikijaribu, nyembamba, haijaamua.
Kituoni nikafunga kifungo cha juu cha koti langu la zamani.
Nikakifungua.
Nikakifunga.