Umemkata Miguu

Nimepiga thelathini na sita.
Nani ameumia?

Jikoni, Avlabari, ghorofa ya tatu. Tbilisi yote imelala
isipokuwa radieta hii inayokohoa.
Karatasi moja mezani, picha ndogo ndogo kama stempu,
kioo cha kukuzia cha marehemu baba,
na kalamu nyekundu. Mchana nafundisha hesabu,
mkono umezoea kusahihisha.

Namba moja: upeo umelala upande,
jiji zima linateleza kuelekea mtoni.
Namba tano: mlingoti wa taa umemwota kichwani
binti aliyekuwa akicheka.
Namba tisa: njiwa. Tena njiwa.
Nani alinituma kwa njiwa?
Kumi na moja hadi kumi na nne:
mgongo, mgongo, mgongo, mgongo.
Sema ukweli, Lamara, uliziogopa nyuso.

Kumi na saba. Hapa nilijisifu.
Mwombaji kwenye ngazi za metro,
vivuli vya reli vimempigia mistari kama daftari,
kiganja chake kiko pale pale
theluthi inapokutana na theluthi.
Nikakizungushia duara.
Kisha nikarudia kutazama,
kama mtu anayehesabu chenji mara ya pili.
Kile kiganja hakikuwa umbo. Kilikuwa kinaomba.
Na mimi, mwenye lari tatu mfukoni,
mikono yangu yote miwili ilikuwa na shughuli.
Hesabu: mia kwa mia.
Mwenendo: nimeacha wazi.

Ishirini na tatu niliipiga msalaba bila kufikiri.
Mwanamume mwenye suti, ukutani, karibu na duka la mikate,
kidevu juu kama anayengoja kuitwa jina,
na fremu imempitia vifundoni.
Kosa la mtoto wa darasa la kwanza.

Tsiala wa mlango wa pili akaingia kuazima chumvi.
Saa sita usiku; hodi hajawahi kuijua.
Akainama, akachukua kioo,
akampita mwombaji kama anavyompita kila asubuhi,
akagota kwenye ishirini na tatu.

"Si Otari huyu? Ah, Lamara. Umemkata miguu."

Najua, nikasema, mpangilio wake mbovu, ukingo wa chini —

"Mpangilio gani! Siku ile alivaa viatu vya mwanawe.
Vya njano. Kijana yuko Gdansk mwaka wa nne,
anapaka meli rangi, viatu vilibaki chini ya kitanda.
Baba mtu akavaa soksi tatu ili vimkae,
akazunguka mtaa mzima apate wa kumuuliza.
Hakuna aliyemuuliza.
Nilipokuona na kamera nikasema, afadhali, huyu kaviona."

Akaenda na nusu ya pakiti yangu ya chumvi.

Miaka sita nimejifunza kukagua kingo nne,
kuhamisha mlingoti kwa kuhamisha goti,
kusimama kwenye kona na mwanga mzuri
nikingoja mtu aingie katika nafasi niliyomwandalia.
Otari aliingia. Aliyoyaleta
yalibaki chini ya nafasi hiyo, shibiri moja tu.

Hatua mbili nyuma, najiambia. Hatua mbili na ungevipata.
Halafu nacheka peke yangu, maana filamu yenyewe
ni nyeusi na nyeupe.
Njano ingetoka kijivu, kijivu cha lami,
viatu vya mtu yeyote.
Hata nyuma ningerudi hadi mtoni.
Ilikuwa lazima nishushe kamera
nimuulize.

Wino mwekundu haufutiki; msalaba umebaki.
Kando yake nimeandika, kwa mwandiko ule ule
ninaowaandikia watoto waliokosa njia lakini si jibu,
na sijui ni mimi ninayemwambia yeye
au ni yeye, kwenye suti yake, anayeniambia mimi:

Nione.