Kitabu cha Mlinzi

Juu ya mlango waliandika 1931.
Tarakimu ya tatu imebanduka,
hivyo wageni husoma kumi na tisa, pengo, moja,
wakaniuliza ni ya mwaka gani.
Ni ya mwaka ambao bibi yangu, Ng'washi,
alibeba kokoto kichwani, senti moja kwa debe,
kutoka kwenye mwamba uliopasuliwa kwa moto na maji baridi
hadi miguuni pa Fundi Ratilal.

Vinu vya pamba vya kabla yake vilikuwa mabati juu ya miti.
Cheche moja tu, asubuhi unakuta majivu na harufu ya mafuta ya mbegu.
Ratilal akaapa hapa Nyamhela: hiki hakitaungua.
Mchanga wakauchota ziwani, wakauchekecha kwa haraka,
ndiyo maana ukutani kuna magamba ya konokono.
Kuna na alama za mbao walizomwagia zege:
vifundo, nyuzi, msumari mmoja uliopinda.
Mti wenyewe ulishaoza. Ngozi yake imebaki saruji.

Hakikuungua, kweli.

Baba yangu, Luhende, alikuwa karani wa mizani.
Jiwe la ratili lilikuwa na kitobo
kilichozibwa risasi, kikapakwa rangi nyeusi.
Wakulima walijua.
Baba alijua kwamba wanajua.
Alirudi nyumbani na nyuzi nyeupe kwenye kope
na hakupenda kuulizwa habari za kazini.

Halafu ushirika, bendera, deni,
mkanda wa mashine ulioagizwa na haukufika.
Siku ya mwisho hakuna aliyejua kuwa ni ya mwisho.
Walifagia. Walitundika funguo msumarini.
Baadaye wakaja watu wa chuma chakavu na mitungi ya gesi,
wakaikata mashine vipande vipande,
na korongo wakahamia juu ya paa.

Wataalamu walikuja na kamba za kupimia.
Wakasema zege la namna hii limebaki kidogo sana,
wakapigilia kibao: MARUFUKU KUBOMOA, KUCHORA
AU KUONDOA KITU CHOCHOTE.
Kibao hakikumaliza masika.
Nakiona nikienda kuteka maji:
kimeezeka banda la kuku la Masunga,
maandishi yakitazama chini,
kuku wa watu wamekatazwa kuchora.

Ratilal aliuogopa moto, hakuuogopa umande.
Nondo alizozifukia humo zinakunywa polepole,
zinavimba kama maharage yaliyolowekwa,
na ukuta unapasuka kutokea ndani,
pale hasa alipoutilia nguvu.

Mimi napewa daftari, kalamu,
na mshahara unaokuja ukijisikia.
Kila mwezi nachora mstari wa penseli mwisho wa ufa.
Kila mwezi ufa unauvuka.

Jana usiku kitu kilianguka upande wa ziwa.
Nikatoka na tochi: kipande cha ukuta, ukubwa wa mkate,
na ndani yake kokoto moja nyekundu
yenye mkwaruzo wa nyundo.
Nikaigongoa. Nikaitia mfukoni.
Ilikuwa na baridi, nzito kuliko senti moja.

Asubuhi nikafungua daftari,
safu ya tatu, Vilivyopotea,
nikaandika: hakuna.