Nakala

Mashine yangu haina chama.
Inameza karatasi, inatema karatasi,
wino ukipungua inakohoa kama mtu wa pumu.
Tuko Buguruni, mlango wa tatu toka ofisi ya serikali ya mtaa,
mwaka wa kumi na moja huu,
shilingi mia upande mmoja.
Basi msiniulize siasa nimesomea wapi.
Nimeisoma hapahapa,
imelala kifudifudi juu ya kioo.

Atupele alileta cheti cha chuo kikuu, nakala ishirini.
Mwaka uliofuata, ishirini tena.
Mara ya tatu akasema, "Dada, moja tu,
nibandike ukutani, mwanangu ajue nilisoma."
Siku hizi anauza barafu za ubuyu pale Malapa.
Redioni mheshimiwa kasema vijana wajiajiri.
Haya, kajiajiri.
Jumanne mgambo wakapita na deli lake,
barafu zikayeyukia ndani ya gari la manispaa,
na kulikomboa ni elfu hamsini, risiti hakuna.
Akaniomba nimtolee nakala ya malipo.
Nakala ya nini, Atupele?

Mimi si kada, si mpinzani.
Fulana za kampeni napokea zote:
ya hawa nalalia, ya wale nafutia kioo.
Lakini kuna siku waliniletea daftari la wapiga kura wa mtaa,
na ukurasa wa kumi na nne nikamkuta baba.
Mwinyimvua Kondo Pazi.
Baba tuliyemzika mwaka wa mafuriko,
namba yake, tarehe yake ya kuzaliwa, raia kamili.
Alipokuwa mzima alikwenda mara tano
kufuatilia kiinua mgongo chake cha bandarini,
mara zote tano wakamwambia, mzee, jina lako halionekani.
Nikazima mashine, nikakaa.
Kisha nikaiwasha, nikawatoza bei ileile.

Mnataka maoni yangu?
Nchi si mbaya. Nimezaliwa hapa, sina pengine.
Ile barabara ya juu pale Tazara nimepita,
nzuri, na upepo wa bure.
Ila nimechoka kushukuru.
Kisima kikichimbwa, tushukuru.
Dawa zikifika zahanati, tushukuru, na ngoma juu,
kana kwamba mtu katoa mfukoni kwake,
kana kwamba si ile tozo niliyokatwa
nikimtumia mama mkwe elfu kumi ya sindano.
Mteja akinipa mia yake, nampa karatasi yake.
Hanipigii makofi.

Na mimi si malaika.
Ngwilizi alitaka mwanawe apungue miaka miwili, aingie jeshini.
Nikapaka wino mweupe, nikapuliza ukauka,
nikatoa nakala, haikuonekana kitu.
Elfu tatu. Nilinunulia unga.
Kwa hiyo nikisema wezi
nasema kwa sauti ya chini.

Jana kaja kijana na flashi,
ahadi za mgombea, kopi elfu mbili.
Nikafungua droo, nikatoa ile ya miaka mitano nyuma,
nikaziweka ubavu kwa ubavu:
Mtalo wa Mnyamani utajengwa.
Mtalo wa Mnyamani utajengwa.
Hata herufi walikosea palepale.
Nikamuuliza, nirekebishe?
Akasema, acha tu, bosi kashapitisha.
Zikatoka za moto, mtalo, mtalo, mtalo,
mpaka radi ikapiga upande wa Vingunguti.
Kijana akakunja suruali bila kuambiwa,
akashika upande wake, nikashika wangu,
tukaipandisha mashine juu ya matofali.