Ukope Mmoja

Chambilecho wahenga, macho hayana pazia.
Hawakupata kumwona Bi Tumu Shaame wa Micheweni.
Lake lilikuwapo, zito, limejikunja kwa ndani,
upindo wake miiba,
na kila akipepesa
pazia hukwaruza kioo.

Mimi kazi yangu kuhesabu.
Miwani ya kukuzia, kurunzi, penseli.
Jicho la kulia: kope sita zagusa mboni.
La kushoto: nne, na vishina viwili
vya zilizong'olewa alfajiri ile
kwa kibano cha bati alichorithi kwa mamake,
kimefungwa pindoni mwa kanga pamoja na nauli.
"Sing'oi kwa kuona," kanambia. "Nang'oa kwa kuchomwa.
Miaka kumi na saba. Kidole kinajua njia."

Nikamsomea fomu, kurasa nne.
Kwamba ugonjwa ni vikope, wa tangu utotoni,
vidonda vikapona vibaya chini ya kigubiko
na ngozi ikavuta, kama ya ngoma iliyoanikwa juani.
Kwamba upasuaji uko wa namna mbili.
Kwamba bahasha ndiyo itakayochagua,
si daktari, si mimi, si yeye.

"Ipi bora?"
Hatujui, Bi.
"Daktari je?"
Naye hajui. Ndiyo maana tunauliza.
Akacheka mpaka machozi yakamtoka,
yale yale ya kila siku, ila leo yana sababu nyingine.
"Basi vipofu tuko wengi humu ndani.
Lete wino."

Dole gumba likakaa juu ya karatasi,
alama zake zimesagika kwa nyundo na kokoto:
doa jeusi lisilo na mstari hata mmoja.
Ngwali wa takwimu akauliza, hii nayo sahihi gani?
Ya mtu anayepasua mawe, nikamjibu.
Andika sifuri nne moja saba.

Bahasha ikasema: mkato wa pili.
Sindano ya ganzi. Kigubiko kikageuzwa nje
kama mfuko wa kanzu unaotafutwa sarafu.
Uzi mweusi, mafundo matatu.
Nilimshika mkono. Hilo halimo kwenye fomu.

Mwezi wa kwanza, sifuri.
Mwezi wa sita, sifuri, na akaniambia
rangi ya ukuta wetu mbaya, nani aliyeichagua?
Mwezi wa kumi na mbili ukaangukia masika.
Watatu hawakuja: wawili wamehamia Unguja,
wa tatu tulikuta khitma yake imeshasomwa.
Bi Tumu alikuja, tope mpaka magotini.

Nikawasha kurunzi. Jicho la kulia, pembe ya ndani:
ukope mmoja, mwembamba kama uzi wa buibui,
umerudi, umeinama,
unagusa.

Alijua. Kidole chake kilijua kabla ya kurunzi.
"Usiuandike," kasema taratibu.
"Kijana wa watu kanishona vizuri. Nalala. Napika bila kulia.
Naitenga punje ya mchele na punje ya jiwe.
Utamwaibisha kwa kijinywele?"

Penseli ilisimama.
Nje mawe yalikuwa yakipasuliwa, ko, ko, ko,
na mahali fulani kigubiko cha mtu nisiyemjua
kilikuwa kikisubiri hesabu yangu.
Bi Tumu, nikasema, nikiandika sifuri
atakayekuja nyuma yako
atashonwa kwa heshima, si kwa ujuzi.

Akanyamaza muda.
Akafungua pindo la kanga,
akatoa kibano, akakiweka kiganjani mwangu.
"Haya, andika moja.
Kisha uung'oe wewe. Mikono yangu imeshasahau."

Nikaandika moja.
Kung'oa kunaruhusiwa,
baada ya kuandika.